Mjusi wa buluu wa Kimboza na wanaomzalisha ughaibuni

Ulaya na Marekani wapo watu wanaofuga mijusi sebuleni kama sisi tunavyofuga njiwa uani. Kule Marekani anayeanza mara nyingi huanza na anoli, mjusi wa kijani wa majimbo ya kusini-mashariki, kwa kuwa ni wa bei nafuu. Lakini mmoja wa mijusi waliotafutwa sana na wafugaji hao ni wa Tanzania, na porini hapatikani nchi nyingine yoyote.

Anaishi katika msitu wa Kimboza na vipande vichache vya misitu ya jirani, chini ya miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Kimboza wenyewe una hekta zipatazo 400 tu. Dume aliyekomaa ni buluu iliyokolea na koo lake ni jeusi. Jike ana rangi ya kijani inayoelekea shaba. Kwa urefu hazidi kidole cha mtu mzima. Wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1952.

Karibu maisha yake yote hupita juu ya mti mmoja wa jamii ya mkadi, wenye majani marefu yenye miiba. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Mkamataji asiyeweza kupanda alikata mti mzima, akaokota mijusi waliokuwa juu yake. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2012 walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kikundi kimoja tu cha wakamataji kilichukua mijusi kati ya 32,000 na 42,000 na zaidi. Mjusi anaweza kutaga tena mwezi ujao, lakini mkadi uliokatwa huchukua miaka kurudi.

Kumzalisha kizimbani kunawezekana, na wafugaji wa Ulaya wanafanya hivyo. Hutumia sanduku la kioo lililosimama wima, lenye vipande vya mianzi na mimea ya majani mapana. Juu huwekwa taa ya joto na taa nyingine inayotoa mionzi kama ya jua, kwa sababu bila mionzi hiyo mifupa ya mjusi hulegea. Maji hunyunyizwa kwenye majani naye huyalamba. Chakula chake ni inzi wadogo wa matunda na nyenje wachanga, waliopakwa unga wa kalsiamu. Anayefuga kuku wa mayai ataelewa mara moja: jike asipopata kalsiamu ya kutosha, ganda la yai linatoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Jike mwenye akiba nzuri huonekana ana vivimbe vyeupe pande mbili za shingo, na mgeni anaweza kudhani ni jipu.

Madume wawili hawawekwi pamoja, maana watapigana. Hata hivyo mtu anaweza kuwaweka bila kujua, kwa kuwa dume mchanga, au aliyeshindwa na mwenzake, hubaki na rangi ya kijani na kufanana na jike.

Anoli hufukia yai moja moja kwenye udongo wenye unyevu. Mjusi wa Kimboza yeye hutaga mawili kwa kawaida, na huyagandisha kwenye jani au ndani ya mwanzi. Ganda ni gumu na jembamba, kwa hiyo anayelazimisha kulibandua hulivunja. Wazoefu huyaacha palepale na kuyafunika kwa kikombe chenye matundu, au hukata jani zima na kulihamisha. Baada ya miezi miwili hadi mitatu hutoka kitoto kidogo mno, ambacho lazima kitengwe, maana wazazi wanaweza kukila.

Je, ufugaji huo umeuokoa msitu? Kwa sehemu tu. Mnunuzi anayepata mjusi aliyezaliwa kizimbani hana haja ya yule wa porini. Lakini ukiwatazama wawili hao kwa macho huwatofautishi, na mfanyabiashara mjanja anaweza kumwita wa porini kuwa ni wa kufugwa. Ndiyo maana mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, zilikubali kumweka katika orodha ya ulinzi wa juu kabisa. Uamuzi ulianza kutumika Januari 2017. Kuuza kimataifa waliokamatwa porini ni marufuku, na anayeuza wa kufugwa lazima athibitishe kwa hati walikozaliwa. Mwaka huohuo wa 2016 Tanzania nayo ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje.

Kwa msikilizaji anayejiuliza kama naye anaweza kuwafuga akauza: si biashara ya kuanza na mijusi wawili kwenye ndoo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa kukamata na kwa kumiliki, na Kimboza ni msitu wa hifadhi. Akija mgeni kijijini anawapa watoto fedha wamletee mijusi, mwambieni awaonyeshe kibali, kisha mpelekeni taarifa ofisi ya kijiji au kwa afisa wanyamapori wa wilaya kabla hajaondoka.