Kamba ya kuzima injini: Kinga ya nahodha anayetupwa majini

NAHODHA wa boti ndogo anapotupwa majini huku injini ikiunguruma, adui wake wa kwanza anaweza kuwa boti yake mwenyewe.

Mpini wa injini ukiachwa bila mtu, injini hujipinda upande mmoja. Boti huanza kuzunguka duara kwa kasi na kurudi palepale alipo aliyeanguka, na panga la injini humkata. Boti ikishika njia iliyonyooka, humwacha mbali na nchi kavu.

Kinga ya ajali hiyo ni kamba fupi, ambayo mara nyingi huwa nyekundu. Ncha moja ina klipu inayochomekwa kwenye swichi ya kuzimia injini, na nyingine hufungwa mwilini mwa mwendeshaji. Akianguka, kamba huvuta klipu na injini huzimika papo hapo.

Mikoa ya Mbeya na Iringa ipo nyanda za juu, lakini boti za injini si ngeni huko. Zipo Ziwa Nyasa, upande wa Itungi na Matema wilayani Kyela, na katika Bwawa la Mtera lililo mpakani mwa Iringa na Dodoma.

Ziwa Nyasa lina kina kinachofikia takriban mita 700. Kati ya Mei na Agosti, upepo wa kusi husukuma mawimbi makubwa hadi ufukwe wa Kyela, na wimbi moja latosha kumtoa mtu kwenye boti.

Mei 2013, huko Padstow nchini Uingereza, familia ya watu sita ilirushwa kutoka kwenye boti ya kasi. Boti iliendelea kuzunguka na kuwagonga. Wawili walifariki dunia na wengine kujeruhiwa. Uchunguzi ulibaini kuwa kamba haikuwa imefungwa kwa mwendeshaji.

Nchini Marekani, tangu Aprili 1, 2021, sheria inamtaka mwendeshaji wa boti ya chini ya futi 26, yenye injini ya nguvu za farasi 3 au zaidi na iliyowekewa swichi hiyo, kuitumia boti inapokwenda kwa kasi.

Hatua za kufuata ni hizi:

1. Funga kamba mwilini kabla ya kuwasha injini. Izungushe pajani au ibane kwenye jaketi la kujiokolea, isipite mbele ya usukani.

2. Ijaribu kila siku kabla ya safari: washa injini, kisha vuta kamba. Injini isipozimika, usiondoke.

3. Usiifunge kwenye boti, wala usiweke waya au kipande cha mti badala ya klipu.

4. Beba klipu ya akiba, ili aliyebaki ndani aweze kuwasha injini na kumfuata aliyeanguka.

5. Badilisha kamba iliyokakamaa kwa jua au kuchanika.

6. Zima injini kabla ya kumpandisha mtu kutoka majini.

Pikipiki za majini hazina panga la nje, lakini nazo huhitaji kamba, ambayo kwa kawaida hufungwa mkononi. Mwendeshaji akianguka, chombo husimama karibu naye.

Hata hivyo, kamba haimwelekezi mtu. Huzima injini tu. Kinachomfanya aelee hadi aokolewe ni jaketi alilovaa.