Mkazo uliopotea, alama iliyobaki

Mwingereza husema *was* akieleza hali yake ya jana, na *were* akijijumlisha na wenzake. Kitenzi ni kimoja, lakini s imegeuka r. Tofauti hiyo imetoka mbali sana.

Chimbuko lake ni *wesaną*, kitenzi cha lugha mame ya Kigermaniki chenye maana ya kukaa au kuwa. Hakuna maandishi yoyote yaliyokihifadhi, ndiyo maana wanaisimu hukiwekea kinyota mbele. Kimeundwa upya kwa kulinganisha wazao wake: *wisan* ya Kigothi, *wesan* ya Kiingereza cha Kale na *vesa* ya lugha ya kale ya Skandinavia. Hata Kisanskriti kina ndugu yake, *vasati*, yaani anakaa.

Mwaka 1822 Jacob Grimm alionyesha jinsi konsonanti za Kigermaniki zilivyohama kwa utaratibu: *pater* ya Kilatini ikalingana na *father* ya Kiingereza. Hata hivyo, mafumbo mengi yalibaki, likiwamo hili la s na r.

Aliyelitegua ni Karl Verner, mwanaisimu wa Denmark, mwaka 1875. Alichunguza Kisanskriti, ambacho kimehifadhi mkazo wa zamani. Katika vitenzi vya aina hii, wakati uliopita, umoja ulikuwa na mkazo kwenye mzizi, na wingi kwenye kiambishi cha mwisho. Mkazo ukiitangulia s, s ilisalimika: *was*. Mkazo ukija baada yake, s ikawa z: *wēzum*. Baadaye z hiyo ikawa r katika lugha za kaskazini na magharibi. Kabla ya hapo mkazo ulikuwa umehamia mwanzo wa maneno. Sababu ikatoweka, matokeo yakabaki.

Kila mrithi aliugawa urithi kwa namna yake. Kigothi, tunachokijua hasa kupitia Biblia yake, kilisawazisha kwa s: *was*, *wesum*. Kijerumani kilichagua r, *war* na *waren*, lakini s imesalia katika *gewesen*. Kiingereza na Kiholanzi vikabaki na zote mbili.

Verner alitufundisha kutoridhika na neno “isipokuwa”. Imani hiyo kwamba sauti hubadilika kwa kanuni ndiyo iliyomwongoza Carl Meinhof alipochapisha, mwaka 1899, utafiti wake wa sauti za lugha za Kibantu. Hivyo historia ya Kiswahili nayo inasomwa kwa njia iliyonolewa na vitenzi kama hiki.