Lebo Mbili za Kilima Kimoja

Kasiterite, yaani mawe ya bati, ya Bisie, ndani ya msitu wa Walikale mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilianza kuvuta watu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa muda mrefu safari yake haikumhitaji mwandishi. Wapagazi waliyabeba magunia mgongoni kupitia topeni hadi Njingala. Huko Kilambo ndege ndogo zilitua juu ya barabara kuu, zikapakia, zikarudi Goma. Brigedi ya 85 ya jeshi la taifa, iliyoyashika machimbo hayo hadi 2009, ilitoza ushuru wake. Tusidhani kwamba karatasi hazikuwapo. Zilikuwapo tele, zenye mihuri, ila ziliandikwa mjini, mbali na shimo, na aliyeziandika aliamini alichoambiwa na muuzaji.

Julai 2010 sheria ya Dodd-Frank ya Marekani iliyataka makampuni yaeleze kama madini yao yametoka Kongo au nchi jirani. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji mdogo katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Wafanyabiashara wa bati na tantali duniani wakaja na mpango wao, iTSCi, ambao ulifika Rubaya, penye machimbo ya koltani (mawe ya tantali) wilayani Masisi, mwaka 2014. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleza: mgodi ukaguliwe kwanza na kupewa rangi ya kijani, yaani ruhusa, kisha wakala wa serikali apime gunia, alifunge shingo kwa lebo ya plastiki yenye namba, aandike daftarini namba, uzito, tarehe na mahali. Mzigo ukisafishwa na kuchanganywa ghalani hupewa lebo ya pili, na namba za pili lazima zirejee kwenye za kwanza.

Hoja yangu ni kwamba kanuni hii ilimhudumia msomaji wa mbali, ikamsahau aliye shimoni. Kwa kulinganisha, wanaotengeneza mfumo wa kompyuta wa Debian, ulioanzishwa 1993, nao hudai kila kifurushi cha programu kibebe hati ya hakimiliki na kumbukumbu ya mabadiliko. Lakini huko mwenye shaka huchukua msimbo chanzo, akautazama mwenyewe. Mnunuzi wa koltani aliye Asia hana pa kutazama. Wajerumani wa taasisi ya jiolojia ya BGR wamebuni kipimo cha maabara cha kutambua asili ya madini, ila hakipimi kila gunia. Kwa hiyo namba ya lebo huthibitisha jambo dogo sana: kwamba aliyefunga gunia alikuwa na lebo.

Udhaifu huo ulijitokeza mwanzoni mwa 2019, kampuni ya SMB, iliyokuwa na kibali cha Rubaya, ilipoihama iTSCi na kujiunga na mpango mwingine, Better Mining. Jirani yake, eneo la kampuni ya serikali SAKIMA, likabaki na lebo za zamani. Mawe ni yaleyale, mchimbaji ni yuleyule, na mpaka ni mstari wa kwenye ramani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, na baadaye shirika la Global Witness mwaka 2022, waliandika kwamba madini ya upande wa SMB yalivuka na kupata lebo za SAKIMA. Wasimamizi wa iTSCi wamezikanusha shutuma za Global Witness.

Watetezi hujibu kwamba bila lebo wanunuzi wangekimbia, na aliyeumia 2010 alikuwa mchimbaji. Ni kweli, na ni hoja nzito: lebo mbovu iliwalisha watu wengi kuliko marufuku. Wengine husema tatizo ni bunduki. Waasi wa M23 waliitwaa Rubaya Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba waliitoza biashara ya koltani takriban dola 800,000 kwa mwezi, mzigo ukivushwa kwenda Rwanda na kuchanganywa na wa huko. Lakini bunduki hazielezi miaka ya kabla ya hapo, wakati lebo zilipotangatanga kilimani chini ya macho ya serikali. Na Bisie yenyewe? Tangu 2019 kampuni ya Alphamin huzalisha bati huko kwa mitambo, na mnyororo wa hati zake ni mfupi kwa sababu mchimbaji mdogo hayumo ndani yake.