Mkebe na Silinda: Ushahidi wa Tarehe katika Historia ya Fonografu

Silinda za nta, zilizotangulia santuri bapa sokoni, ziliuzwa katika mikebe ya karatasi ngumu yenye kifuniko, na kitambaa laini ndani. Mkebe huo ni hati ya historia kwa anayejua kuusoma. Jina la National Phonograph Company, kampuni ya Edison iliyoundwa mwaka 1896, lilibadilishwa mwaka 1911 kuwa Thomas A. Edison, Inc. Neno Amberol halipatikani kabla ya 1908, zilipotoka silinda za dakika nne. Blue Amberol, za seluloidi, zilianza 1912, na uzalishaji ulikoma 1929.

Hata hivyo, chapa huonyesha tu mwaka ambao mkebe haungeweza kuutangulia. Tena, mkebe huhamishwa kwa urahisi: silinda ya nta ndani ya mkebe wa Blue Amberol ni mgeni humo. Kwa hiyo ni lazima silinda nayo ihojiwe, rangi yake na maada yake, kabla ya tarehe kukubaliwa.

Jambo hilo lina uzito zaidi kwa silinda za utafiti, kama zile zilizorekodiwa na Armand Hutereau kaskazini ya Kongo katika msafara wa 1911–1913, zinazohifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Silinda iliyorekodiwa uwanjani haina anwani ya kiwanda. Jina la wimbo, la lugha na la mahali hutegemea maandishi ya mkono, mkebeni au daftarini. Mikebe miwili ikibadilishana silinda, wasemaji wa lugha moja hupewa sauti ya wengine, na mwanaisimu hujenga hoja yake juu ya kosa.