KARAMU, NGOMA NA MFUKO: WALIKOTOKEA KINA MAMA WA VYAMA

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha miaka kumi.

Habari za kikundi chetu wenyewe ameziandika katibu. Sisi huku twataka kurudi nyuma zaidi, maana hapa Mombasa utasikia watu wakisema vyama vya kina mama ni mambo ya juzi, yameletwa na wafadhili. Si kweli. Bibi zetu walikuwa na vyama, tena vyenye vyeo, sare na mfuko.

Tuanze na beni. Katika miaka ya 1890 vijana wa pwani yetu, Lamu na Mombasa, waliona bendi za Wazungu nao wakaanza ngoma ya mtindo ule. Hata jina beni latokana na hiyo bendi. Kila kundi lilikuwa na wakubwa wake, wenye vyeo vya kijeshi na vya kifalme. Hapa kwetu Kingi walishindana na Scotchi. Tanganyika walikuwako Marini na Arinoti, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 mpaka 1918, ngoma hiyo ilisambaa bara mpaka ikafika Kongo.

Lakini beni haikuwa kucheza tu. Mwanachama akiugua alitazamwa. Akifa wenzake walisimamia mazishi. Mtu akienda kutafuta kazi mji asioujua, alipokewa na watu wa chama chake. Kwa hivyo kilikuwa chama cha undugu hasa, ngoma na karamu zilikuwa mapambo yake.

Kina mama nao walikuwa na lelemama. Ni ngoma ya taratibu, wanawake wamesimama safu moja, wamevaa sare, wanakwenda kwa mikono na vichwa. Hapa Mombasa yalikuwako makundi kama Ibinaal Watan na Banu Saada. Nyimbo zao zilisifu, zilichamba, na mwenye kufanya la aibu mtaani alijikuta ameimbwa. Wakati ule utumwa ulikuwa umefutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini majumbani watu bado wakichaguana, huyu muungwana, yule mtoto wa mtumwa. Ndani ya lelemama wanawake wa asili mbalimbali walipata kusimama pamoja. Si jambo dogo hilo. Na wakisaidiana kwa harusi na matanga, kama sisi leo.

Sasa hapa ndipo penye somo. Makundi yalishindana kwa karamu. Hawa wakichinja, wale nao lazima wachinje zaidi. Hawa wakitoa sare mpya, wale hawalali. Pesa zilizochangwa kidogo kidogo zikamalizika kwa siku chache za shangwe, na waume wakalalamika. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliukemea sana ufujaji wa mali katika sherehe. Kufika miaka ya 1940 na 1950 lelemama ya mashindano ikawa inafifia.

Je, ilipotea bure? La. Ujuzi haukupotea. Mwanamke aliyejua kuita mkutano, kukusanya mchango, kuweka hesabu kichwani na kupatanisha waliogombana, hakuusahau ujuzi huo ngoma ilipokwisha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kina mama wa Kiislamu hapa Mombasa waliunda vyama vipya vya maendeleo, na baadhi yao walikuwa wamepitia lelemama. Hamu yao sasa ilikuwa elimu ya wanawake na mambo ya kheri. Watu ni wale wale, lakini mfuko umegeuzwa njia.

Jirani zetu Tanganyika ni vivyo hivyo. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipotakiwa kuwaingiza wanawake katika TANU pale Dar es Salaam, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi kiitwacho Bomba. Kwa miezi michache tu wanawake kwa maelfu wakajiandikisha. Kwa nini? Kwa sababu kule ngomani palikuwa na watu waliokwisha zoea kuitana na kuitikiana. Uhuru wa Tanganyika wa tarehe 9 Desemba 1961 una jasho la kina mama hao.

Twasema haya kwa sababu katika kutayarisha sherehe hii tulibishana, tena sana. Wengine walitaka tuchinje ng'ombe wawili, tukodi hema kubwa, tupige sare, pesa zitoke kwenye hisa, ili vikundi vya mtaa wa pili wajue sisi ni nani. Wengine wakasema watu hawazaliwi miaka kumi kila siku, basi tufurahi. Wote walikuwa na haki ya kusema. Mwisho mkutano ukakata hivi: karamu iwepo, watoto na waume waje, lakini hisa zisiguswe. Kila mama aje na sinia lake, na leso ni ile ile ya mwaka jana. Harambee itakayopitishwa siku hiyo ni ya karo za watoto walioachwa na wenzetu waliotangulia.

Maana furaha ni haki yetu, bibi zetu walituachia hiyo. Walituachia na onyo pia. Karamu ikila mfuko, kesho mwenzetu akifiwa tutamwendea na nini? Na nyimbo?

Wanetu mtakaoshika daftari hili baada yetu, chezeni, pikeni, vaeni. Mkimaliza, fungueni sanduku mhesabu. Mkikuta hisa zimetimia, hiyo ndiyo sherehe.



Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote