Karani wa Tanga

Tukimtaja Shaaban Robert huwa tunaanza na vitabu. Kusadikika, Adili na Nduguze, tenzi, insha, basi orodha inaendelea. Lakini ukimuuliza msomaji wa kawaida huyu mzee alikuwa anaishi kwa kazi gani, wengi watakukodolea macho. Jibu lenyewe fupi tu: alikuwa karani wa serikali. Kwa zaidi ya miaka 30 aliamka asubuhi, akaenda ofisini, akarudi nyumbani kwa mke na watoto. Vitabu viliandikwa katika muda uliobaki.

Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, na mwaka huohuo wa 1926 akaajiriwa forodhani. Alikaa huko mpaka 1944, na kwa kipindi fulani alikuwa Pangani, mji mdogo pale mto unapoingia baharini. Kisha akahamishiwa Mpwapwa, bara kabisa, mbali na pwani aliyoizoea, kwenye idara iliyoshughulikia wanyama. Mwaka 1946 alirudi Tanga, ofisi ya wilaya. Kuanzia 1952 hadi 1960 alikuwa ofisi ya upimaji ardhi, hapohapo Tanga.

Soma tena aya hiyo. Ni faili la mtumishi yeyote: ajira, uhamisho, uhamisho mwingine, mwisho wa utumishi. Na hakuwa mtumishi wa ngazi ya juu. Serikali ya kikoloni ilipanga mishahara kwa rangi, Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Karani Mwafrika angeweza kuwa hodari kuliko bosi wake na bado akabaki kwenye meza ileile. Ndiyo maana mimi nikiisoma Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, siwezi kusahau mwandishi alikuwa anapokea mshahara wa nani. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha uanasheria, na nchi yenyewe inaelea hewani, haimo kwenye ramani yoyote. Wahakiki wengi huiona kama fumbo juu ya utawala wa kikoloni. Sawa, lakini tuongeze hili: mtu mwenye familia inayomtegemea ana sababu nzuri sana ya kuongea kwa mafumbo. Akifukuzwa kazi, hali njaa peke yake.

Familia hiyo haikuwa pambo la wasifu. Mke wake Amina alifariki mapema, akamwachia watoto. Shairi alilomtungia bado linasomwa, na msiba huo ameusimulia katika Maisha Yangu bila kujikweza. Baada ya hapo akafanya jambo ambalo baba wengi hutamani kulifanya wasijue waanzie wapi: akawaandikia watoto wake mawaidha. Mwanawe wa kiume alitungiwa Utenzi wa Adili, binti yake akatungiwa Utenzi wa Hati.

Hilo neno "hati" linanigusa. Mtu aliyeshinda kutwa akishika karatasi za wengine, za mizigo na za serikali, alipotaka kumwachia mwanawe urithi alimwachia karatasi. Ardhi hakuitaja, wala fedha. Kweli, yapo humo mambo ambayo msomaji wa leo, hasa wa kike, ana haki ya kuyanunia, kwa mfano ule msisitizo wa kumtii mume. Tusiyafunike. Lakini tukumbuke pia anayesema ni mzazi aliyefiwa, anayeogopa kwamba naye anaweza kuondoka kabla binti hajakua.

Ukitaka kumwona vizuri zaidi, tafuta barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kuanzia 1931, zilizokuja kuchapishwa kama kitabu. Humo unakutana na ndugu anayemwandikia ndugu, na yule gwiji wa vitabu vya shule anakaa pembeni.

Halafu kuna Utubora Mkulima. Utubora ana kazi nzuri kwa tajiri mmoja Unguja. Anaongezewa mshahara, anaukataa, anaacha kazi na kwenda kulima Busutamu. Wengi huisoma riwaya hii kama mahubiri ya kupenda shamba. Mimi naiona kama ndoto ya karani. Yule aliyeiandika hakuwahi kufanya alichofanya Utubora. Alikuwa na watoto wa kulisha, kwa hiyo kesho yake alirudi mezani.

Alitoka utumishini 1960 na kufariki Juni 1962, miezi michache baada ya Uhuru, akiwa na miaka 53. Kufikirika ilichapishwa 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zikafuata 1968. Hakuziona.

Sisemi tuache kumwita gwiji. Ila ugwiji peke yake unamfanya aonekane kama mtu aliyeshushwa na kalamu mkononi, na kijana anayeandika usiku baada ya kazi ya kutwa haoni kama jambo hilo linamhusu. Kumbe linamhusu kabisa. Kwa hiyo kama una rafiki hajawahi kumsoma Shaaban Robert, usimpe Kusadikika kwanza. Mpe Maisha Yangu.