Milango ya Faharasa: Tarehe ya Kupanga Bidhaa na Huduma

Katika mwaka wa 377 wa Hijra, uafikianao na miaka ya 987 na 988 Miladia, alikuwako Baghdad mtu aitwaye Ibn al-Nadim, mwana wa muuza vitabu na mwenyewe mshika biashara hiyo hiyo, ambaye alijitwika kazi ya kuandika majina ya vitabu vyote vya Kiarabu alivyoviona au kuvisikia, akavikusanya katika kitabu alichokiita Al-Fihrist. Hakuvimwaga ovyo. Alivigawa katika makala kumi, na sita za mwanzo akazipa elimu za Waislamu na lugha yao, tangu vitabu vitakatifu na nahau, kupitia tarehe na mashairi, hata itikadi na fikihi. Nne za mwisho akaziachia falsafa na elimu za kale, hekaya na sihiri, madhehebu ya mataifa mengine, na alkemia. Asomaye mpangilio huo tu, hata bila ya kufungua kitabu kimoja kati ya hivyo vilivyotajwa, hujua mpangaji alikuwa amesimama wapi, na nini kilikuwa karibu naye na nini mbali.

Miaka takriban mia tisa baadaye, mwaka 1876, Melvil Dewey wa Marekani aliigawa elimu yote katika matabaka kumi ya tarakimu, na katika tabaka la dini, lianzalo na 200, Ukristo ukapewa sehemu kubwa kabisa, ilhali dini nyingine zote za dunia zilibanwa pamoja katika 290, Uislamu ukipata 297 peke yake. Sisemi ya kuwa alikusudia dhuluma, kwani Ibn al-Nadim naye aliwakusanya wengine katika makala moja ya tisa. Nasema kwamba kila agawaye hugawa kutoka pale alipo, na mzigo wa mgawo huo humwangukia yule ajaye kutafuta akitokea upande mwingine.

Wafanyabiashara nao walilazimika kuingia katika elimu hii mara walipoanza kumwuzia mtu wasiyemwona. Aaron Montgomery Ward, ambaye shehena yake ya kwanza iliteketea katika moto mkubwa wa Chicago wa 1871, alitoa mwaka uliofuata karatasi moja yenye bidhaa 163, na karatasi moja haihitaji milango. Lakini orodha hizo zilipokua zikawa vitabu vya kurasa mamia, mkulima aliye mbali na mji, asiye na karani wa kumwuliza, hakuwa na kiongozi ila mpango wenyewe wa kitabu. Katika mji huo huo, mwaka 1886, Reuben Donnelley alitoa kitabu kilichowapanga watu kwa kazi zao, wala si kwa majina. Hapa pana ugumu ambao muuza majembe haujui, maana jembe lina umbo na mahali pa kuwekwa, ilhali huduma haina: fundi azibaye mabomba yanayovuja, je, atiwe katika maji, katika ujenzi, au katika matengenezo ya nyumba?

Aliyelichimbua jambo hili kwa kina kuliko wote alikuwa Mhindi, S. R. Ranganathan, mwalimu wa hisabati aliyeteuliwa mwaka 1924 kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, kisha akaenda London kujifunza kazi hiyo mpya kwake. Huko, kwa maelezo yake mwenyewe, aliona katika duka la Selfridges mchezo wa watoto uitwao Meccano, ambao vipande vyake vile vile vya chuma na skrubu zake huunganishwa kuwa umbo hili leo na umbo jingine kesho. Akatambua ya kuwa kitabu hakina haja ya kupachikwa katika tundu moja lililokwisha chongwa, bali chaweza kuelezwa kwa kuunganishwa sifa zake. Mfumo wake ulichapishwa mwaka 1933, ukaitwa Colon kwa sababu ya nukta mbili alizotumia kuunganishia, na sifa zenyewe hatimaye alizijumlisha katika nyuso tano: dhati, maada, nishati, mahali na wakati. Kila mtu achaguaye leo viatu katika duka la intaneti kwa saizi, kisha kwa rangi, kisha kwa bei, apita katika njia iliyoelezwa na mkutubi huyo kabla kompyuta hazijaingia madukani, na yanihuzunisha kwamba wachache sana wamtajao.

Intaneti yenyewe haikuanza na njia hiyo. Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Stanford, walianza orodha iliyokuja kuitwa Yahoo, ambayo watu, wala si mashine, walitia kila anwani chini ya tawi lake, na matawi makuu yakawa 14. Kwa kuwa jambo moja lilistahiki mahali pawili, waliweka alama ya @ kando ya jina, kumjulisha msomaji kwamba makao yake halisi yamo katika tawi jingine. Na kwangu mimi alama hiyo ndogo ni ushahidi mkubwa kuliko hoja zote kwamba mti mmoja hautoshi. Anwani ziliongezeka kuliko mikono ya wapangaji, watu wakazoea kuandika neno na kutafuta, na mwishoni mwa Desemba 2014 orodha hiyo ilifungwa.

Kwa hiyo nawasihi wapangao leo orodha za huduma katika intaneti, wawe Nairobi, Dar es Salaam au kwingineko, wasiyafanye majina ya idara zao kuwa milango ya wateja, kwani mgonjwa au mjane hajui mgawanyo wa ofisi zao. Waandike huduma mara moja tu, lakini waifungulie kila mlango ambao mtu aweza kuijia. Wakiona mlango wa “Mengineyo” umejaa, wajue kazi ya kugawa haijafanywa. Na kabla ya kuuita mlango jina lolote, wawasikilize kwanza wapigao simu, waandike maneno yao kama yalivyo.